Nodi Iliyofichika

Kwanza, kuonana.
Antena ya Ndaga na antena ya Isongole
sharti zionane, nilimwambia karani wa maziwa,
na si kuonana kwa tundu la sindano:
wimbi lina mbavu,
linataka njia pana kama ng'ombe mwenye mimba.
Mkaratusi mmoja uliolowa
ukiingiza kiwiko tu katika njia hiyo,
lita mia tatu za asubuhi hazifiki kwenye daftari la kiwanda.

Na ukungu? akauliza.
Ukungu hauna neno, wimbi huupita
kama mtoto apitavyo kwenye pazia la mlango.
Majani mabichi ndiyo yanayokunywa.

Juu ya mlingoti, vidole vimekufa ganzi,
nguvu ya mawimbi naisoma kwenye simu, na husomwa kwa hasi.
Hasi hamsini, unapiga kelele.
Hasi themanini, unanong'ona.
Hasi tisini na tano, wewe na upepo wa Uporoto ni kitu kimoja.
Sifuri sijawahi kuiona.
Katika hesabu hii hakuna aliye karibu,
yupo aliyepungukiwa kidogo.

Chaneli moja, msemaji mmoja: ndiyo adabu ya hewa.
Kabla ya kusema, redio husikiliza.
Kukiwa kimya, husema.
Kukiwa na sauti hungoja, kitambo kisichopangwa,
kisha hujaribu tena.
(Vikao vya ukoo wetu vingeiga hilo tu.)

Lakini kuna kilima.
Ndaga upande huu, Ntokela upande ule.
Zote zinaiona Isongole, zenyewe hazionani.
Ndaga husikiliza, husikia kimya, husema.
Ntokela husikiliza, husikia kimya, husema.
Pale Isongole maneno yanavaana,
maziwa ya watu yanageuka takataka za tarakimu,
na hakuna aliyekosea.

Mama anakaa Isongole.
Mdogo wangu Gwakisa ni karani Ntokela.
Hatujasemeshana tangu tulipogawa chai,
mistari saba kwangu, tisa kwake,
na aliyeihesabu ameshazikwa.
Jumapili, saa moja ya usiku, sote humpigia mama.
Nami huku nikisikiliza, nasikia kimya.
Naye kule, vivyo hivyo.
Mama ana simu mbili, moja kila mkono,
na sikio moja zima:
Ngojeni! Nani amesema ng'ombe?
Nani amesema hospitali?

Dawa imo ndani ya ruta, ukurasa wa tatu wa mipangilio,
mafundi wengi huiacha imezimwa kwa kuwa inapunguza kasi.
Redio inayotaka kusema hubisha kwanza,
neno fupi tu: hodi.
Kituo cha kati hujibu: karibu,
kwa sauti ya kufika pande zote mbili za kilima.
Yule wa pili hodi hakuisikia.
Ameisikia karibu,
akajua kuna mtu mlangoni asiyemwona,
akanyamaza.

Niliiwasha Jumanne, mvua ikinyesha.
Lita zikaingia moja moja, safi.
Karani wa Ntokela akamwambia karani wa Ndaga
amwambie fundi kwamba sasa inakwenda.
Kwenye skrini, kwa herufi za kijani:
NTOKELA, hasi sabini na moja.
Nilikaa juu ya mlingoti
kuliko kazi ilivyodai.

Jumapili sikupiga.
Saa moja ikapita, na dakika kumi, na viazi vikapoa.
Simu ikaita. Mama.
Karibu, akasema, kabla sijatamka kitu.
Kisha: ngoja, mwenzako anamalizia.

Nikangoja.
Kwa mbali, kutoka mkono wake wa pili,
ng'ambo ya sikio lake bovu,
mtu alikohoa.
Hasi themanini na tisa, nikakadiria.